Land Cruiser ya 2001, moshi mweusi na kikomo cha 2.5: kisa kimoja cha Mwanza

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser pikapu, HZJ79 ya mwaka 2001, injini ya 1HZ: silinda sita, ukubwa wa sisi (cc) 4,164, dizeli, haina tabo, yaani kifaa cha kusukumia injini hewa ya ziada. Mwenye gari ni mwalimu mstaafu wa hapa Mwanza. Alilinunua Dar es Salaam kwa sehemu ya kiinua mgongo chake, likabeba mawe na kokoto kwa muda, kisha akapata nafasi nzuri zaidi ya kulikodisha kwa mkandarasi anayefanya kazi mgodini, upande wa Geita.

Mkandarasi hakatai gari la zamani. Anataka breki, taa, mikanda na matairi viwe sawa, na moshi usizidi kikomo. Gari la Mwalimu lilipita kote, likakwama kwenye moshi. Wastani wake ulikuwa 4.1 kwa mita, na kikomo ni 2.5. Akapewa muda wa kurekebisha, kwa sharti kwamba muda ukipita nafasi inakwenda kwa mwingine.

Alipofika gereji kwetu Nyakato alikuwa ameshazunguka. Mmoja alimwambia injini imekufa, ishushwe ifanyiwe ovahoo, yaani ifumuliwe yote na kujengwa upya. Mwingine akamshauri achanganye mafuta ya taa kwenye dizeli siku ya kipimo. Wa tatu alimuuzia chupa ya dawa ya kuzuia moshi, ya kumimina kwenye oili. Wa nne akamwambia jambo ni dogo: shusha pampu asubuhi ya kipimo, yaani punguza mafuta inayotoa, ukishapita uipandishe tena. Hakuna hata mmoja aliyefungua boneti akaangalia filta ya hewa. Hilo ndilo lililonifanya niandike kisa hiki kwa urefu, maana mstaafu aliyebakiwa na fedha ya mara moja tu maishani anastahili fundi anayepima kabla ya kumtuma dukani.

Kipimo kinapima nini

Mashine ya kupima moshi wa dizeli inapima mwanga. Moshi unapita katikati ya taa na kipokezi, mashine inasoma ni mwanga kiasi gani umefika upande wa pili. Mashine nyingi huhesabu njia ya mwanga kuwa milimita 430, na kwa hesabu hiyo 2.5 maana yake moshi umezuia karibu asilimia 66 ya mwanga. Ile 4.1 ya Mwalimu ni karibu asilimia 83. Kikomo chenyewe mkandarasi hakukitoa kichwani. Ulaya waliweka 2.5 kwa magari ya dizeli yasiyo na tabo na 3.0 kwa yenye tabo, halafu wakabana hadi 1.5 kwa yaliyosajiliwa mara ya kwanza baada ya Julai 1, 2008. Kwa hiyo gari hili lilikuwa linadaiwa kiwango cha zamani, cha huruma, na bado lilikizidi kwa mbali.

Gari hupimwa likiwa limesimama, gia huru, injini ya moto, oili ikiwa imefika nyuzi joto 80. Mpimaji anakanyaga mafuta hadi mwisho kwa haraka, chini ya sekunde moja, injini inapanda mpaka pampu yenyewe inapokata, kisha anaachia. Resi za mwanzo ni za kusafisha bomba. Wastani unachukuliwa kwenye tatu za mwisho.

Fikiria kinachotokea ndani katika sekunde ile. Pampu inatoa kiwango chake kikubwa kabisa cha mafuta wakati injini bado haijashika kasi ya kuvuta hewa ya kutosha. Hewa ikiwa imebanwa kidogo tu, utaona. Nozo moja, kile kinachopuliza mafuta ndani ya silinda, ikidondosha badala ya kupuliza, utaona. Pampu ikiwa imefunguliwa kupita kiasi, utaona zaidi. Kipimo hiki hakijali gari limetembea kilomita ngapi wala ni la mwaka gani, na ndiyo maana gari la zamani lililotunzwa linaweza kupita huku la juzi likirudishwa.

Tulivyoanza

Siku ya kwanza hatukugusa spana. Gari lililala gerejini ili asubuhi liwashwe likiwa la baridi kabisa. Lilipowaka lilitoa moshi wa bluu kidogo, ukakatika baada ya muda mfupi. Likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, na limeshapata moto, moshi ulikuwa hafifu. Ukipiga resi, linatoa wingu jeusi zito lenye masizi yanayoshika mkononi.

Hapo tayari maswali yalikuwa yamepungua. Bluu ni oili. Ikitoka asubuhi tu kisha ikakata, mara nyingi ni sili za valvu: oili imeteremka taratibu usiku kucha na inaungua mara moja asubuhi. Nyeupe isiyokatika ingetupeleka kwenye taimingi, yaani wakati mafuta yanapopulizwa, kwenye plagi za kupasha, au kwenye maji yanayoingia silinda. Nyeusi wakati wa resi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuungua nayo. Kati ya hizo tatu, iliyomfanya Mwalimu akataliwe ni nyeusi. Yule aliyesema ovahoo alikuwa ameona moshi mwingi akauhukumu kwa wingi wake.

Tulifunga kitambaa cheupe kwenye mdomo wa bomba, tukapiga resi moja, tukakiweka pembeni kikiwa kimeandikwa tarehe. Si kipimo cha kisheria, ila ukifanya hivyo baada ya kila hatua, kwa kitambaa cha aina ileile, unajua kama umesogea au umebaki palepale. Mashine ya mkandarasi huwezi kuipelekea gari kila jioni.

Hewa

Filta ya hewa ilikuwa imepulizwa kwa kompresa mara nyingi kuliko uwezo wake. Ukiimulika taa kwa ndani, upande mmoja ulikuwa mweusi tii, haupitishi mwanga, na upande mwingine karatasi ilikuwa imepasuka kwenye mikunjo. Upande ulioziba ulikuwa unanyima injini hewa. Ule uliopasuka ulikuwa unaingiza vumbi la kokoto moja kwa moja kwenye silinda. Vumbi la mawe ni sumu ya ringi, zile pete za pistoni. Dereva alikuwa anapuliza filta kwa nia njema kabisa, lakini kila akipuliza kwa presha kubwa kutoka nje kwenda ndani anasukuma vumbi lipenye na anachana karatasi. Kama ni lazima kupuliza, presha iwe ndogo, kutoka ndani kwenda nje, na filta iliyokwisha inatupwa.

Tukaweka filta mpya. Kitambaa cha pili kikawa na nafuu, ila si nafuu niliyoitegemea. Ndipo tukaangalia mpira mkubwa unaotoka kwenye kisanduku cha filta kwenda kwenye injini. Kwa nje ulikuwa mzima. Kijana wangu akapiga resi huku mimi nimeushika, nikausikia unanywea. Ukuta wake ulikuwa umelainishwa na oili ya miaka mingi, na injini ikivuta kwa nguvu mpira unajikunja na kubana njia ya hewa. Ukisimama sailensa uko sawa, ukipiga resi unaziba. Kasoro kama hii mtu hawezi kuiona kwa macho gari likiwa limezimwa, na nina hakika yapo magari mengi yaliyofumuliwa injini kwa sababu ya mpira wa namna hii.

Sasa liongeze jambo la mahali. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na mji wetu wote uko juu ya hapo. Nilipoanza kumweleza Mwalimu, aliyefundisha jiografia miaka yake yote, akaitaja namba hiyo kabla sijamaliza. Kanieneo ya hewa kwenye kimo hicho ni pungufu kwa karibu asilimia 13 ikilinganishwa na Dar es Salaam. Injini yenye tabo inajitetea kiasi. 1HZ isiyo na tabo inavuta kile ilichopewa na anga. Pampu iliyopimwa kwa ajili ya pwani ikimwaga mafuta yaleyale huku Mwanza, sehemu yake inakosa hewa na inatoka nje ikiwa masizi. Ziko pampu zenye kifaa cha kupunguza mafuta kadiri gari linavyopanda. Ya Mwalimu haina.

Akauliza swali ambalo mafundi wachache huliuliza: "Kwa hiyo fundi, hata gari zima likitoka Dar linaweza kukataliwa huku?"

Linaweza, Mwalimu. Likiwa lilikuwa karibu na kikomo kule, huku linavuka.

Skrubu

Kwenye pampu ya mafuta ya injini hizi kuna skrubu inayoamua kiwango cha juu cha mafuta. Kiwandani hufungwa kwa sili ili mtu asiichezee. Kwenye pampu hii sili haikuwepo, na nati ya kufungia ilikuwa na alama mbichi za spana. Mtu aliifungua akaongeza mafuta.

Nilimpigia simu dereva wa zamani, akakumbuka vizuri. Gari lilikuwa limeanza kuwa zito likipanda na mzigo. Fundi wa njiani akasema pampu imechoka, akaikaza skrubu kidogo, gari likachangamka kwa muda. Baada ya wiki chache likawa zito tena, ikakazwa tena.

Hicho ndicho kiini cha kisa chote. Gari liliishiwa nguvu kwa sababu lilinyimwa hewa: filta imeziba, mpira unanywea, na kimo cha mji kinaondoa kilichobaki. Aliyelitibu akaongeza mafuta. Ni sawa na jiko lililozibwa mdomo, mtu akaendelea kulisukumia kuni. Mafuta ya ziada yaliyopata hewa yalitoa nguvu kidogo, yaliyokosa yakawa masizi. Masizi yakachafua nozo, valvu na oili. Moshi alioupeleka Mwalimu kwenye kipimo ulikuwa umenunuliwa, na ulilipiwa zaidi ya mara moja.

Pampu tuliipeleka kwa fundi pampu mwenye benchi la kupimia, ipimwe kiwango cha mafuta kwa kila silinda, irudishwe kwenye kipimo chake na kupunguzwa kidogo kwa ajili ya kimo cha hapa, kisha ifungwe sili. Sikubali skrubu hii irekebishwe kwa sikio. Robo mzunguko inatosha kukuvusha kikomo au kukuacha na gari lisilopanda kilima, na sikio haliwezi kujua silinda ya tatu inapata zaidi ya ya tano.

Wakati pampu iko nje tulibadili mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu na pampu kwa mpangilio. Hauhusiani na moshi moja kwa moja, lakini siku ya kipimo injini inapandishwa hadi mwisho, tena na tena, na hakuna aliyejua mkanda ule ulifungwa lini. Toyota wanautaka ubadilishwe kila kilomita 100,000, na kuna taa kwenye dashibodi ya kukumbusha. Kwenye gari hili balbu ya taa hiyo ilikuwa imetolewa. Mkanda ukikatika kwenye resi kama ile, valvu zinakutana na pistoni, na hapo ovahoo inakuja kweli.

Nozo, na oili iliyokuwa inapanda

Nozo zote sita zilipimwa. Kwa injini hii nozo inatakiwa kufunguka kwenye presha ya karibu bar 150 na kupuliza ukungu mwembamba. Nne zilikuwa dhaifu lakini zinapuliza. Mbili zilikuwa zinafunguka mapema mno, na mafundi wenzangu wanajua tunavyosema hapo: nozo inakojoa. Tone kubwa la dizeli haliwezi kuungua lote katika muda uliopo. Sehemu inatoka kama masizi, sehemu inateleza ukutani mwa silinda na kushuka kwenye oili.

Na hapo tukapata jibu la jambo lililokuwa limenisumbua tangu mwanzo. Dereva alikuwa anajivuna kwamba pamoja na moshi wote huo, gari halili oili hata kidogo. Kwenye dipstiki kiwango kilikuwa juu ya alama ya mwisho. Tulipoimwaga ilikuwa nyepesi, ina harufu ya dizeli. Injini ilikuwa inakula oili kidogo kupitia sili za valvu, na dizeli iliyokuwa inavuja kutoka kwenye nozo ilikuwa inajaza nafasi yake na kuzidi. Ukiona oili ya injini ya dizeli inapanda, usifurahi. Simamisha gari utafute inapotoka.

Oili iliyozidi ina madhara ya pili. Inapigwa na krenki, inakuwa ukungu, ukungu unapanda kwenye mpira wa kupumulia wa injini, unaingia kwenye njia ya hewa na kuungua. Ule mpira mkubwa uliolainika, sababu yake ilikuwa hii. Kasoro mbili zilizoonekana kuwa mbali zilikuwa zinalishana.

Tuliweka ncha mpya kwa nozo zote sita, vikombe na washa mpya, kwa sababu washa ya zamani ikirudishwa gesi ya moto inapita pembeni na kuchoma nozo mpya. Oili tukaweka 15W-40 ya dizeli, filta mpya, kiwango katikati ya alama.

Silinda ya sita

Nozo zikiwa nje, matundu yako wazi, kwa hiyo kupima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, hakukugharimu kitu zaidi ya muda. Silinda tano zilikaribiana. Ya sita ilikuwa chini ya wenzake kwa karibu asilimia 15. Tukaweka oili kidogo ndani yake tukapima tena, ikapanda. Maana yake ringi zimelika, jambo lisiloshangaza kwa injini iliyokula vumbi la kokoto.

Hapa palikuwa na mvutano wa kweli gerejini. Mwenzangu alitaka tushushe injini moja kwa moja: silinda imeshaonekana, kwa nini tuiache? Mimi nilipinga. Tulikuwa bado hatujarekebisha valvu. Injini hii ikiwa ya baridi inataka nafasi ya milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za hewa na 0.35 hadi 0.45 kwa za moshi, na valvu ya moshi ya silinda ileile ilikuwa imebana kiasi cha kutofunga vizuri. Tulipobadili shimu zake, visahani vinavyopanga nafasi hiyo, pengo la kompresheni likapungua, ingawa halikwisha. Silinda yenye upungufu huo inawaka, haipigi misi, na haikuwa imechangia moshi mweusi kwa kiwango cha kuufikisha 4.1. Ovahoo ya 1HZ yenye vipuri halisi ingemeza fedha yote aliyobakiza Mwalimu kabla gari halijaingiza shilingi. Nikamweleza hali yote, pamoja na kwamba siku ya kuifumua itafika. Uamuzi ukawa wake.

"Basi tuiache ifanye kazi kwanza," akasema. "Lakini uniandikie hiyo namba ya silinda ya sita, fundi. Nataka niwe nayo."

Tukamwandikia. Sili za valvu tulizibadilisha bila kushusha injini, na bluu ya asubuhi ikakatika.

Ushauri ule mwingine

Mafuta ya taa yanapunguza moshi, hilo ni kweli, na ndiyo maana ushauri huu haufi. Ni mepesi, yanaungua kwa masizi machache. Lakini pampu ya aina hii haina oili yake. Inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake tu. Ukiingiza mafuta ya taa vyuma vinasagana vikavu, na pampu ni kipuri cha bei kubwa kuliko karibu chochote kwenye injini hiyo ukiacha krenki. Tunakumbuka wote miaka ya uchakachuaji ulivyokula pampu za magari, hadi mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa faida ya kuchanganya. Leo mtu anayachanganya mwenyewe kwenye gari lake kwa ajili ya karatasi ya siku moja.

Dawa ya chupa kazi yake ni kuifanya oili iwe nzito. Inaweza kuficha bluu kwa muda. Kwenye moshi mweusi haina la kufanya, kwa sababu tatizo haliko kwenye oili. Mwalimu alikuwa ameshaimimina, ikatoka pamoja na ile oili yenye dizeli.

Kushusha pampu asubuhi na kuipandisha jioni ndiko kunakoniumiza zaidi, kwa sababu kunafanya kazi. Gari linapita. Kisha linarudi barabarani likiwa lilelile, linapita Buhongwa na Usagara katikati ya bodaboda, mama lishe na watoto wa shule. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Masizi yale madogo yanafika ndani kabisa ya mapafu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za ubora wa hewa za 2007 zipo, trafiki naye anayo mamlaka ya kusimamisha gari bovu. Lakini kwa wengi wetu huku mashine yenyewe ya kupima tunakutana nayo kwenye geti la mgodi. Kwa hiyo fundi ndiye anayebaki kusimama kati ya gari na mapafu ya watu wa stendi, na fundi anayeshusha pampu kwa siku moja ameiacha nafasi hiyo akijua.

Kwa mwenye gari pia ni hasara. Mkandarasi huyu hupima tena getini bila taarifa, na gari linalokutwa limepandishwa pampu linatoka kwenye orodha moja kwa moja.

Kurudi kwenye mashine

Kabla ya kipimo cha marudio gari lilihitaji kutapika masizi ya zamani. Bomba lililokusanya masizi kwa miaka halisafiki kwa kusimama na kupiga resi gerejini. Linahitaji joto na mzigo. Tulipakia mawe kiasi, dereva akalipeleka hadi Misungwi na kurudi, gia ya chini kidogo kuliko kawaida ili injini ifanye kazi. Mwanzoni lilitoa vipande vyeusi, baadaye likatulia. Kitambaa cha jioni ile kilikuwa cha kijivu.

Safari ya kwenda kupimwa yenyewe ilisaidia. Kutoka Mwanza unapita Usagara, unavuka Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, na unaingia Sengerema kisha Geita bila kusimama. Zamani ungesubiri kivuko, injini ikapoa, ukafika na gari la baridi. Sasa unafika na oili ya moto. Nilimsihi dereva kitu kimoja: akikuta foleni, asiliache gari likinguruma sailensa kwa muda mrefu, kwa sababu injini inapoa na masizi yanaanza kujikusanya upya. Alizime, na likikaribia zamu yake aliwashe, alipashe moto kwa resi za wastani, mpaka joto lirudi.

Wastani uliotoka ulikuwa 1.7. Kwa hesabu ya mwanga ni karibu asilimia 52 badala ya ile 83. Gharama yote, pampu, ncha za nozo, mkanda, sili, filta, mpira wa hewa na kazi yetu, haikufika robo ya bei aliyokuwa ametajiwa kwa ovahoo.

Malalamiko yalikuja mara moja, kwamba gari ni zito likianza kuondoka. Ni kweli kidogo: mafuta ya ziada yaliyokuwa yanalisukuma hayapo. Lakini kwenye kilima likiwa na mzigo linapanda vizuri kuliko lilivyokuwa linapanda likifuka, kwa sababu sasa linavuta hewa. Dereva alipolizoea aliacha kulalamika, ila nilimwambia waziwazi kwamba 1HZ ni injini ya farasi kama 130 tu, na kwa kimo hiki hata hao hawafiki wote. Anayetaka mbio anunue gari lenye tabo. Akiisogelea tena ile skrubu ataona sili imekatika, nasi tutaiona.

Kilichobaki ni silinda ya sita. Tumekubaliana na Mwalimu kwamba kompresheni itapimwa tena kila nozo zitakapotolewa, na pengo likikua au bluu ikianza kutoka gari likiwa la moto, injini inashushwa bila kusubiri kipimo cha getini, kwa fedha anayoiweka pembeni kila mwezi kutoka kwenye kodi anayolipwa kwa gari. Dereva anapima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha na anaandika kiwango, kikipanda au kikishuka. Filta ya hewa hapulizi tena. Anabeba mpya chini ya kiti.